Njia za mkato za kutunza faili kwenye tarakilishi ambazo wengi hawazifahamu

WATUMIAJI wengi wa tarakilishi hufanya kila kazi kwa kipanya. Hufungua folda moja baada ya nyingine, hubofya upande wa kulia, husoma menyu yote, kisha huchagua neno moja tu.

Mwendo huo hauna dosari iwapo faili ni mbili au tatu. Lakini kwa karani wa shule mwenye ripoti za wanafunzi 400, au kwa kijana anayelipia kila dakika katika saiba mjini, huwa ni hasara ya muda na wakati mwingine hasara ya faili zenyewe.

Hasara hiyo ya pili ndiyo kubwa zaidi. Faili haipotei kwa sababu ya virusi au diski kuharibika pekee. Hupotea pia mtumiaji anapodhani amenakili kumbe amehamisha, anapodhani ametupa kwenye pipa la taka kumbe amefuta kabisa, au anapoipa faili jina asiloweza kulikumbuka wiki mbili baadaye.

Vitufe vichache vya kibodi, ambavyo aghalabu havitajwi katika mafunzo ya mwanzo, huondoa utata huo. Njia zilizoelezwa hapa ni za Windows 10 na Windows 11, isipokuwa pale mfumo mwingine unapotajwa. Katika vipakatalishi vingi, vitufe vya safu ya juu kama F2 huhitaji kubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn.

Chimbuko la vitufe vinne

Utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika ulibuniwa katika miaka ya 1970 na Larry Tesler pamoja na mwenzake Tim Mott, walipokuwa wakifanya kazi na kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, Marekani.

Tesler baadaye alijiunga na kampuni ya Apple. Tarakilishi ya Lisa, ambayo Apple iliizindua mwaka wa 1983, ilitumia herufi Z kutengua, X kukata, C kunakili na V kubandika. Herufi hizo nne zimepangana katika safu ya chini ya kibodi, mahali ambapo mkono wa kushoto huzifikia bila taabu. Tesler aliaga dunia Februari 2020, lakini vitufe hivyo vinatumika hadi leo duniani kote.

Wengi huvijua vitufe hivyo kwa kazi ya kuandika barua. Wasilolijua ni kwamba hufanya kazi vivyo hivyo kwa faili na folda, na kwamba Ctrl na Z, hasa, huweza kuokoa kazi ya siku nzima.

Kufika upesi kwenye faili

Kitufe chenye nembo ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi E, dirisha la faili hufunguka papo hapo, hata kama programu nyingine zimejaa kwenye skrini.

Ndani ya dirisha hilo, Alt na D hupeleka mtumiaji kwenye upau wa anwani ulio juu. Hapo anaweza kuandika njia ya folda anayoitaka, mathalani D:\Shule\2025, na kubonyeza Enter badala ya kupitia milango minne.

Alt na mshale wa juu humpandisha hadi folda iliyobeba ile aliyomo. Alt na mshale wa kushoto humrudisha alikotoka. Aidha, ndani ya folda yenye faili nyingi, kuandika herufi mbili au tatu za kwanza za jina huruka moja kwa moja hadi kwenye faili yenye jina hilo.

Ctrl, Shift na N kwa pamoja huunda folda mpya. Ctrl na N hufungua dirisha la pili. Madirisha mawili yakipangwa bega kwa bega, kwa kutumia kitufe cha Windows na mshale wa kushoto au wa kulia, mtumiaji huona kwa macho yake faili inatoka wapi na inakwenda wapi. Tangu mwaka wa 2022, Windows 11 pia huruhusu Ctrl na T kufungua folda nyingine ndani ya dirisha lilo hilo.

Kuchagua faili bila kukosea

Ctrl na A huchagua kila kitu kilichomo katika folda. Anayetaka faili zinazofuatana hubofya ya kwanza, hushikilia Shift, kisha hubofya ya mwisho. Anayetaka faili zilizotawanyika hushikilia Ctrl na kubofya moja moja.

Hata hivyo, njia hii ya mwisho ina mtego. Mkono ukiteleza kidogo huku Ctrl imeshikiliwa, tarakilishi huelewa kwamba mtumiaji anaburura faili ili kuzinakili. Ghafla folda hujaa nakala za faili zilezile zenye neno «Copy» mwishoni mwa majina.

Dawa ni kutumia kibodi. Mtumiaji hushikilia Ctrl, husogea kwa mishale hadi kwenye faili anayoitaka, kisha hubonyeza kitufe cha nafasi ili kuichagua. Kibodi haitelezi. Na ikiwa nakala zimeshatokea, Ctrl na Z huziondoa, mradi tu kitufe hicho kibonyezwe kabla ya kufanya jambo jingine.

Majina yenye maana

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika tarakilishi, daftari ni jina la faili.

Kitufe cha F2 hufungua jina la faili iliyochaguliwa ili libadilishwe. Mtumiaji akiwa bado anaandika, kitufe cha Tab huhifadhi jina hilo na kumpeleka kwenye jina la faili inayofuata. Kwa njia hiyo, picha 30 zinaweza kupewa majina mapya bila kugusa kipanya hata mara moja.

Iwapo picha zote ni za hafla moja, zichaguliwe zote, F2 ibonyezwe na jina moja liandikwe, kwa mfano «Mahafali». Enter ikibonyezwa, kila picha hupata jina hilo na nambari yake katika mabano.

Tarehe nazo zina utaratibu wake. Faili zilizopewa tarehe kwa kuanza na siku, kisha mwezi, huchanganyika zinapopangwa. Tarehe ikianza na mwaka, ikafuatwa na mwezi na siku, kama 2025-03-14, faili hujipanga zenyewe kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Mpangilio huo ndio unaokubaliwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 8601.

Alama tisa haziruhusiwi katika majina ya faili za Windows: mikwaju ya aina zote mbili, nukta pacha, nyota, alama ya kuuliza, alama ya kunukuu, mabano mawili ya pembe na mstari wima. Ndiyo maana anayejaribu kuandika tarehe kwa mikwaju hukataliwa.

Jambo jingine ni herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina, ambazo huonyesha aina ya faili. Windows huzificha kwa kawaida, na ficho hilo limewahi kuleta maafa. Mei 2000, virusi vya ILOVEYOU vilienea duniani kupitia barua pepe vikiwa katika faili iliyoonekana kama maandishi ya kawaida ya txt, kumbe herufi za mwisho zilizofichika zilikuwa vbs, yaani programu. Mtumiaji mwenye busara huiagiza Windows izionyeshe herufi hizo kupitia menyu ya «View». Asizibadilishe anapoipa faili jina jipya, la sivyo faili hukosa programu ya kuifungua.

Kunakili au kuhamisha?

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtumiaji anapoburura faili hadi folda nyingine iliyo katika diski ileile, Windows huihamisha. Akiiburura hadi diski nyingine, kama vile flashi, Windows huinakili. Tendo la mkono ni moja, matokeo ni mawili tofauti.

Asiyetaka kubahatisha ana vitufe viwili vya kuamua. Akishikilia Ctrl anapoburura, faili hunakiliwa popote inapokwenda. Akishikilia Shift, faili huhamishwa. Kitufe cha Esc hufuta safari yote kabla hajaiachilia faili.

Njia nyingine salama ni kuburura kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Faili inapoachiliwa, menyu ndogo hutokea na kuuliza kama inakiliwe, ihamishwe au iundiwe kiungo tu.

Wapo pia wanaoogopa kutumia Ctrl na X kwa kudhani kwamba faili itatoweka umeme ukipotea kabla hawajaibandika. Hofu hiyo haina msingi. Faili iliyokatwa hufifia tu kwenye skrini, lakini hubaki mahali pake hadi itakapobandikwa kwingine. Mtumiaji akibadilisha nia, Esc huirudishia sura yake.

Hatari ya kweli iko kwingine, yaani kuichomoa flashi kazi ikiendelea. Windows inapohamisha faili kutoka diski moja hadi nyingine, kwanza huinakili, kisha huifuta ile ya awali. Flashi ikichomolewa katikati, faili inayosafiri huweza kuharibika, na nyingine kubaki zimegawanyika pande mbili. Kwa kazi yenye uzito, ni bora kunakili, kufungua nakala mbili tatu ili kuzikagua, ndipo zile za mwanzo zifutwe.

Kuna nyakati flashi hukataa faili kubwa ya video ingawa nafasi imebaki tele. Sababu huwa ni mpangilio wa zamani wa FAT32, ambao haukubali faili moja ifike gigabaiti 4. Mpangilio wa exFAT huondoa kikomo hicho, lakini kuubadilisha hufuta kila kilichomo kwenye flashi. Sharti faili zihifadhiwe kwingine kwanza.

Kufuta na kurejesha

Kitufe cha Delete hupeleka faili kwenye pipa la taka. Humo hukaa hadi pipa limwagwe au lijae, na huweza kurejeshwa mahali ilipokuwa. Shift na Delete kwa pamoja hulipita pipa hilo, na faili hufutwa moja kwa moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wasilolijua wengi ni kwamba faili zinazofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida haziingii katika pipa la taka, hata kama mtumiaji amebonyeza Delete pekee. Hali ni hiyohiyo kwa folda za mtandao wa ofisi. Swali linalotokea kwenye skrini likiuliza kama faili ifutwe daima, lisomwe kabla ya kujibiwa.

Faili iliyotupwa kimakosa hurudishwa kwa Ctrl na Z. Vitufe hivyo pia hurejesha faili iliyohamishwa na jina lililobadilishwa. Ni muhimu kukumbuka kwamba Ctrl na Z hutengua tendo la mwisho kwanza, kwa hivyo mtumiaji aliyegundua kosa aache kila kitu na kubonyeza vitufe hivyo mara moja.

Iwapo faili imefutwa kabisa, hatua ya kwanza ni kutoandika chochote kipya kwenye diski hiyo. Katika diski za kuzunguka na flashi nyingi, data hubaki hadi nafasi yake ichukuliwe na data nyingine. Mwaka wa 2020, kampuni ya Microsoft ilitoa bila malipo programu iitwayo Windows File Recovery, ambayo hujaribu kuirejesha faili na kuiweka katika diski tofauti. Kwa diski za kisasa za SSD, matumaini huwa madogo kwa sababu diski hizo husafisha upesi nafasi zilizoachwa.

Pamoja na hatari yake, Shift na Delete ina mahali pake. Wakenya wengi huchapisha vyeti, nakala za vitambulisho na hati za ushuru katika saiba. Faili hizo hubaki kwenye folda ya «Downloads» na kwenye eneokazi, ambako mteja anayefuata anaweza kuzisoma.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inalinda taarifa za kibinafsi, lakini kinga ya kwanza ni mwenye faili mwenyewe. Kabla ya kuondoka, azitafute faili zake na kuzifuta kwa Shift na Delete, kisha atoke katika akaunti ya barua pepe. Ufutaji huo haumzuii mtaalamu mwenye vifaa, lakini humzuia mpita njia.

Kutafuta kilichopotea machoni

Mara nyingi faili haijapotea, bali haijulikani iliko. Ctrl na F, au F3, hufungua kisanduku cha kutafutia. Nyota husimama badala ya herufi zozote, hivyo *.pdf huonyesha faili zote za aina hiyo katika folda na vifolda vyake.

Isitoshe, kuandika size:>500MB huonyesha faili kubwa zinazoijaza diski, nayo datemodified:today huonyesha zilizoguswa siku hiyo. Njia hii ya mwisho humsaidia sana mtu aliyehifadhi kazi kwa haraka asikumbuke ameiweka wapi.

Alt na Enter huonyesha ukubwa wa faili zilizochaguliwa. Ni vyema kulinganisha idadi na ukubwa wa faili za mwanzo na wa nakala, ili kuhakikisha kwamba hakuna iliyoachwa nyuma. Alt na P hufungua upande wa kuchungulia, ambapo picha na hati nyingi husomeka bila kufunguliwa.

Karani anayehitaji orodha ya faili zote katika folda hana haja ya kuyaandika majina kwa mkono. Aende kwenye upau wa anwani kwa Alt na D, aandike cmd na kubonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, aandike dir /b > orodha.txt. Faili mpya iitwayo orodha itatokea ndani ya folda hiyo ikiwa na majina yote.

Nakala za akiba

Katika dirisha hilohilo jeusi mna amri ya robocopy, ambayo imekuwa sehemu ya Windows tangu toleo la Vista. Mathalani, robocopy D:\Shule E:\Shule /E /XO hunakili folda ya Shule pamoja na vifolda vyake vyote hadi diski E. Ikirudiwa wiki inayofuata, huziacha faili ambazo hazijabadilika, na kazi ya saa nzima huisha kwa dakika chache. Sehemu ya /XO huzuia faili ya zamani kuifunika iliyo mpya.

Ipo sehemu nyingine, /MIR, ambayo hufanya diski ya pili ifanane kabisa na ya kwanza. Itumiwe kwa uangalifu mkubwa, kwani hufuta katika diski ya pili kila kisichopatikana katika ya kwanza. Mtu aliyefuta folda kimakosa, kisha akaitumia /MIR, hupoteza nakala yake ya akiba pia.

Wataalamu hupendekeza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila faili muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yazo iwe mbali na jengo zilimo nyingine. Akiba haiozi, lakini akiba iliyo ndani ya mkoba mmoja na kipakatalishi huibwa pamoja nacho.

Tarakilishi za Mac na Linux

Katika tarakilishi za Mac, kitufe cha Return ndicho hubadilisha jina, nacho kitufe cha nafasi huonyesha yaliyomo katika faili bila kuifungua. Command na C hunakili. Ili kuhamisha badala ya kunakili, hubandikwa kwa Option, Command na V. Command na Delete hutupa faili kwenye pipa, lakini Option ikiongezwa, faili hufutwa kabisa.

Kwenye Ubuntu, ambao ni miongoni mwa mifumo ya Linux, F2 hubadilisha jina na Shift na Delete hufuta daima kama ilivyo katika Windows. Ctrl na L hufungua upau wa anwani, nayo Ctrl na H hudhihirisha faili zilizofichwa.

Namna ya kujifunza

Si rahisi kuvikariri vitufe vyote kwa siku moja, wala hapana haja. Mtumiaji aunde folda ya majaribio kwa Ctrl, Shift na N, atie humo faili kumi zisizo na thamani, kisha azinakili, azihamishe, azipe majina mapya, azifute na kuzirejesha. Makosa yatakayotokea humo hayatamgharimu chochote.

Aanze na vitufe vitatu: F2 kwa majina, Ctrl wakati wa kuburura ili anakili, na Ctrl na Z ili atengue. Vidole vikishavizoea, aongeze viwili kila wiki. Shift na Delete iwe ya mwisho kujifunza, na kila anapoitumia alisome jina la faili mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.